Madevelopa wanabadilisha majedwali kila wiki: msimamizi wa kanzidata anabaki na kazi gani?

*Shikamoo dada. Ninasimamia kanzidata ya SACCOS moja hapa Moshi. Zamani hakuna jedwali lililobadilika bila saini yangu. Mwaka huu wameletwa madevelopa wapya. Mfumo umehamia Laravel (fremuweki ya PHP), kanzidata imehamia PostgreSQL iliyo kwenye wingu, migresheni (faili za kubadilisha majedwali) wanaandika wenyewe na kuzipandisha hata mara tatu kwa wiki, na kweri nyingi (maswali yanayotumwa kwa kanzidata) wanaandikiwa na akili mnemba. Juzi wamemwomba meneja saini yangu iondolewe kwa sababu inawachelewesha. Meneja naye ameniuliza: sasa wewe utakuwa unafanya nini? Nipambane nao, au nijifunze kuprogramu nihame kabisa? (Msomaji, Majengo, Moshi)*

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa swali la meneja. Najua linavyochoma.

Nianze na jibu, maelezo yafuate. Saini waachie. Migresheni waandike wao na wazipandishe wao. Ila usihame, kwa sababu kazi inayobaki saini ikiondoka ndiyo kazi yenyewe, na kati ya hao vijana hakuna aliyeajiriwa kuifanya.

Saini ilikuwa na maana wakati mabadiliko yalikuja mara mbili tatu kwa mwaka. Yakija mara tatu kwa wiki, ama utasaini bila kusoma, ama utawachelewesha mpaka watafute njia ya pembeni. Njia ya pembeni naijua, nimeikuta kwenye kampuni za utalii hapa Arusha: developa akichoka kuomba kolamu mpya, anarundika kila kitu ndani ya kolamu moja ya JSON, maandishi yanayobeba chochote. Bei ya safari, tarehe ya kufika, namba ya pasipoti ya mgeni, vyote vinaishia mahali pasipo na sharti lolote la kuvilinda. Hilo ni baya kuliko migresheni yoyote ambayo ungeikataa.

Sasa nikueleze mimi naitazamaje kazi hii. Mabadiliko yapo ya aina mbili: yale ambayo ukikosea unarudi ulikotoka, na yale ambayo ukikosea hakuna kurudi. Msimbo wa programu karibu wote uko upande wa kwanza. Toleo la leo likileta shida, ndani ya dakika chache unarudisha la jana, na wanachama hawajui kilichotokea. Data iko upande wa pili. Madevelopa wamekulia upande wa kwanza, na zana zao zimetengenezwa kwa namna inayowafanya waamini kwamba data nayo inarudi hivyohivyo.

Fungua faili lolote la migresheni la Laravel utaliona hilo kwa macho. Ndani yake kuna sehemu mbili: `up`, inayopeleka mabadiliko mbele, na `down`, inayoyaondoa. Tuseme migresheni inafuta kolamu ya `simu_2` kwenye jedwali la wanachama. Kwenye `down` developa ameandika kwamba `simu_2` irudishwe, aina ileile, urefu uleule. Anapandisha Jumanne. Jumatano anagundua kwamba ripoti ya wadaiwa sugu ilikuwa inaisoma kolamu hiyo, anaamuru mfumo urudi nyuma, na kweli kolamu inarudi. Inarudi tupu. Namba za pili za wanachama, zile mnazopigia mtu akizima simu yake ya kwanza, hazimo tena. Zana imefanya kila ilichoagizwa, na skrini imeandika kwamba zoezi limefanikiwa.

Kwa hiyo kila migresheni iulize swali moja tu: ikiharibu, tunarudije bila kupoteza kitu? Kuongeza kolamu inayoruhusiwa kubaki tupu, kuongeza jedwali jipya, kuongeza indeksi (ya kuharakisha utafutaji): waache wapite, usiwaulize hata kwa nini. Kufuta kolamu, kubadilisha aina ya data, kuunganisha majedwali mawili, kusahihisha thamani za zamani kwa UPDATE moja kubwa: hapo ndipo wasimame na wakae na wewe. Na usiisimamie sheria hiyo kwa kukumbushana mdomoni. Waombe waweke kwenye Git, wanakotunza msimbo, ukaguzi unaojiendesha, ambao ukikuta `dropColumn` au `change` ndani ya migresheni unaisimamisha mpaka uisome. Watakubali, kwa sababu kazi yao nyingi haitaguswa.

Yale ya kusimama yana utaratibu wake, na nakushauri uufundishe kwa upole. Chukua hiyohiyo `simu_2`. Mnataka kila mwanachama awe na namba nyingi, ya Voda, ya Airtel, ya ndugu yake, kwenye jedwali la peke yake. Kwanza mnaongeza jedwali jipya, la zamani haliguswi. Kisha programu inaanza kuandika kote kuwili. Halafu mnahamisha namba za zamani kwa mafungu, rekodi elfu moja moja, kaunta zikiwa zimefungwa, na mnalinganisha idadi. Baada ya hapo programu inasoma jedwali jipya tu. Kolamu ya zamani inabaki palepale mpaka robo ya mwaka ipite na kila ripoti iwe imetolewa angalau mara moja. Ndipo inafutwa, nakala yake ikiwa imewekwa pembeni. Hatua ni nyingi, lakini kila moja ni ndogo na inapanda bila kusimamisha huduma, kwa hiyo hata kasi yao haipungui sana.

Lipo jambo lingine ambalo kwenye kompyuta ya developa halionekani kabisa: kufuli. Kuongeza kolamu kwenye PostgreSQL ni kazi ya kufumba na kufumbua, lakini `ALTER TABLE` hiyo inahitaji kufuli la juu kabisa, `ACCESS EXCLUSIVE`, lisilokubaliana hata na SELECT, amri ya kusoma tu. Sasa weka mazingira ya SACCOS. Ni mwisho wa mwezi, mhasibu ameendesha ripoti ya mikopo inayosoma jedwali zima kwa dakika kumi. Developa anapandisha migresheni. Inabidi isubiri ripoti iishe. Hapo anakuja keshia, anataka kuona salio la mkopo wa mama aliyesimama mbele yake. Kweri ya keshia haina ugomvi wowote na ripoti ya mhasibu, zote mbili ni za kusoma tu. Lakini imefika baada ya migresheni, kwa hiyo inapanga foleni nyuma yake. Ya keshia wa pili nyuma ya hiyo, ya programu ya simu nyuma ya hiyo tena. Ndani ya dakika moja kaunta zote zimeganda. Developa kwake hakuna dalili yoyote, anaona tu kwamba migresheni inaendelea. Alipoijaribu asubuhi kwenye jedwali lenye rekodi hamsini, iliisha kabla hajatoa kidole kwenye kibodi.

Dawa yake ni mstari mmoja kabla ya migresheni: `SET lock_timeout = '3s'`. Ikikosa kufuli ndani ya sekunde tatu inajiondoa kwenye foleni, mnaijaribu tena baadaye. Indeksi nazo, kwa jedwali kubwa linalotumika, zijengwe kwa `CREATE INDEX CONCURRENTLY` ili watu waendelee kuandika inapojengwa. Amri hiyo haikubali kuwa ndani ya muamala wa kanzidata (kundi la amri zinazopita zote au kukataliwa zote), na Laravel kwenye PostgreSQL huifunga migresheni ndani ya muamala yenyewe, kwa hiyo waambie waweke `$withinTransaction = false` kwenye faili hilo. Ikikatika njiani inaacha indeksi mbovu inayobidi ifutwe kwa mkono.

Hapa niseme na upande wetu. Sisi wasimamizi tuna tabia ya kushika sheria hata baada ya sababu yake kufa. Kwa miaka mingi ilikuwa marufuku kuongeza kolamu yenye thamani ya kuanzia mchana wa kazi, na marufuku hiyo ilikuwa halali, kwa sababu kanzidata ilikuwa inaandika upya jedwali zima. PostgreSQL 11, iliyotoka 2018, imeondoa hilo kwa thamani zisizobadilikabadilika. MySQL 8.0 nayo ikapata njia yake ya papo hapo mwaka huohuo. Bado nakutana na wasimamizi wanaowakatalia vijana kwa sheria hiyo mwaka huu. Kijana akienda kusoma nyaraka akakuta umemzuia bure, siku utakayomzuia kwa haki hatakusikiliza. Kila toleo jipya likitoka, soma maelezo yake ukiwa na orodha ya marufuku zako mkononi, na ufute zilizokwisha muda.

Wala usidhani haya mawimbi ya zana ni ya kizazi hiki. Edgar Codd wa IBM alipochapisha mfumo wake wa majedwali mwaka 1970, hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba mtumiaji asilazimike kujua data imepangwaje ndani ya mashine. SQL, lugha ya kuandikia kweri tunayoitetea leo kama urithi wa mababu, ilikuja kwa ahadi hiyohiyo inayokuja na ORM (zana inayomwandikia developa SQL chini kwa chini) na akili mnemba. Ahadi inatimia nusu, na nusu inayobaki ndiyo mshahara wetu. Mwaka 2009 MongoDB, kanzidata inayotunza nyaraka badala ya majedwali, ilipotoka, wengi walitangaza kwamba majedwali yamekwisha. PostgreSQL ikaongeza JSONB, aina yake ya kutunza JSON, mwaka 2014, MongoDB ikaongeza miamala ya nyaraka nyingi mwaka 2018, na leo pande mbili zinafanana kuliko mashabiki wake wanavyokiri. Usiingie kwenye ubishi wa zana ipi ni bora. Kwa hesabu za akiba na mikopo, PostgreSQL waliyoichagua ni chaguo zuri, na wapongeze kwa hilo.

ORM inahitaji urafiki zaidi kuliko lawama. Developa anaandika mstari mmoja mzuri wa kuonyesha wanachama mia mbili na tawi la kila mmoja, na chini kwa chini zinakwenda kweri mia mbili na moja: moja ya wanachama, halafu moja ya tawi kwa kila mwanachama. Yeye hazioni, wewe unaziona. Washa `pg_stat_statements`, kiendelezi cha PostgreSQL kinachohesabu kweri, panga kwa idadi ya miito badala ya muda, na kweri fupi isiyo na hatia itajitokeza juu kabisa ikiwa imeitwa maelfu ya mara tangu asubuhi. Mwonyeshe kwenye skrini, mkiwa wawili. Akiongeza `with('tawi')` zinabaki mbili. Laravel pia ina `preventLazyLoading`, inayopiga kelele wakati wa kutengeneza kabla tatizo halijafika kwa wateja. Developa aliyeonyeshwa hilo mara moja huanza kukuletea kweri zake mwenyewe.

Kwenye masharti ya data ndipo nakutaka uwe mgumu, na hapo usilegeze hata meneja akikunja uso. Utasikia ukiambiwa kwamba programu imeshakagua. Hapa Arusha mfano wetu ni magari. Kampuni ya utalii ina Land Cruiser moja iliyobaki kati ya tarehe 12 na 16 Agosti, katikati ya msimu. Maofisa wawili wa mauzo wanafungua skrini kwa wakati mmoja. Programu inauliza kwa niaba ya kila mmoja: gari liko wazi? Liko wazi. Inaandika. Wageni wawili wamelipia gari moja, na msimbo wa ukaguzi hauna kosa hata moja, ila maswali mawili yaliulizwa kabla ya jibu lolote kuandikwa. PostgreSQL inaweza kukataa jambo hilo yenyewe: unatunza muda wa safari kama kipindi cha tarehe, na unaweka sharti la `EXCLUDE` kwamba gari moja lisiwe na vipindi viwili vinavyoingiliana. Aliyechelewa kwa nusu sekunde anapata ujumbe wa kosa badala ya mgeni aliyekwama uwanja wa ndege wa KIA.

Kwenye SACCOS yako ndugu wa tatizo hilo ni malipo ya simu. Taarifa ya malipo kutoka kwa mtoa huduma inaweza kuletwa mara mbili, mtandao ukiyumba tu. Weka `UNIQUE` (sharti la kutojirudia) kwenye namba ya kumbukumbu ya malipo, ndani ya kanzidata, na marejesho hayatahesabiwa mara mbili hata programu ikiandikwa upya kwa lugha nyingine. Fedha ziwe `numeric`, inayotunza namba kamili, kamwe zisiwe `float`, inayotunza makadirio. Fremuweki hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na salio la mwanachama linatakiwa liwe sahihi hata baada ya hapo.

Kuhusu wingu: ni kweli limekupunguzia kazi. Kubadilisha diski na kuweka viraka usiku si kitu cha kukililia. Lakini soma kwa makini nini hasa mmenunua. Bakapu za kujiendesha za Amazon RDS, huduma ya kanzidata ya wingu, kwa mfano, hukaa siku zisizozidi 35. Mwanachama wa SACCOS hugundua kasoro kwenye taarifa yake ya robo mwaka, au anapokuja kuomba mkopo baada ya miezi sita. Unahitaji nakala ya kila mwezi iliyo nje ya huduma hiyo, kwenye akaunti ambayo developa hawezi kuifuta. Na kumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kusuasua. Kaunta ya Moshi inayosoma salio kutoka seva iliyo nje ya nchi inahitaji mpango wa siku kama hiyo, hata kama ni orodha ya masalio inayochapishwa kila jioni. Mpango huo utauandika wewe.

Na bakapu ambayo haijawahi kurudishwa usiihesabu. Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ya kutunza msimbo wa watu, alifuta kwa bahati mbaya data za kanzidata kuu. Walipokwenda kwenye bakapu wakakuta zile za `pg_dump`, zana ya PostgreSQL ya kutoa nakala, zilikuwa zinashindwa kwa muda mrefu, kwa sababu zilitumia toleo la 9.2 dhidi ya kanzidata ya 9.6, na barua pepe za kutangaza kushindwa hazikuwa zinafika. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa sita kabla, wakapoteza kazi ya watu ya saa hizo sita. Ile ni kampuni ya wahandisi watupu, na walikuwa na njia kadhaa za bakapu. Kwa hiyo kila mwezi rudisha bakapu kwenye seva tupu, linganisha jumla ya akiba na vitabu vya mhasibu, pima muda uliotumika, andika.

Akili mnemba isikutishe, wala usiipuuze. Hatari ya kwanza ni ruhusa. Julai 2025 wakala wa akili mnemba wa Replit, jukwaa la kutengenezea programu, alifuta kanzidata ya mfumo uliokuwa ukitumika, wakati alikuwa ameagizwa asibadilishe chochote. Aliweza kwa sababu alikuwa na ruhusa ya kufuta. Programu iwe na mtumiaji wake asiyeweza kubadilisha majedwali, migresheni ziwe na wa kwao, na msaidizi wa akili mnemba awe na wa kusoma tu, kwenye kanzidata ya majaribio yenye majina na namba za kubuni. Hilo la majina ya kubuni ni la kisheria pia: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kunakili orodha ya wanachama kwenye kompyuta ya developa au kuibandika kwenye dirisha la akili mnemba ni kuzitoa taarifa za watu mikononi mwenu.

Hatari ya pili ni kweri inayokubali kila kitu na kujibu uongo. Mwombe msaidizi huyo jumla ya marejesho kwa kila mkopo, na majina ya wadhamini pembeni. Anaweza akaunganisha mikopo, marejesho na wadhamini kwa pamoja, vizuri kabisa kisintaksia. Mkopo wenye marejesho manne na wadhamini watatu unatoa mistari kumi na miwili, na jumla ya marejesho inatoka mara tatu ya ukweli. Hakuna kosa litakalotokea kwenye skrini. Anayeona kwamba mkopo wa milioni mbili hauwezi kuwa umerejeshwa milioni nne na laki tano ni mtu anayezijua data hizo, naye ni wewe. Kila kweri inayoingia kwenye ripoti ya bodi ipite kwako, na hilo meneja atalielewa kuliko jambo lolote nililoandika hapa.

Kujifunza kuprogramu, ndiyo, kwa kiasi: PHP ya kutosha kusoma migresheni na Eloquent, ile ORM ya Laravel, bila mkalimani, na Git ya kutosha kuandika maoni pale wanapojadili msimbo. Ukiwa unasoma kazi yao mapema, kabla haijakamilika, hawatakuona kama geti. Kwa meneja usiende na hotuba. Nenda na karatasi ya zoezi la kurudisha bakapu: tarehe, muda uliotumika, tofauti iliyoonekana kati ya kanzidata na vitabu, na jina lako chini. Mwambie atakuwa anaipata kila mwezi.

Kabla ya kikao, endesha `SHOW lock_timeout;` ukiwa umeingia kama mtumiaji anayepandisha migresheni. Ikijibu 0, maana yake migresheni inaruhusiwa kusubiri kufuli bila kikomo. Mwekee huyo mtumiaji sekunde tatu kwa `ALTER ROLE`, waambie madevelopa ulichofanya na sababu yake, kisha niandikie toleo la PostgreSQL mnalotumia na ukubwa wa jedwali la miamala, tuangalie na indeksi zenu.